Mguu mliutibu, kichwa mkakiita uoga: barua ya wazi kwa uongozi wa kampuni yangu ya mabasi

Kimara,
Dar es Salaam

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Meneja Utumishi,
Meneja wa Safari

YAH: JERAHA LA KAZINI AMBALO HAMKULITOLEA TAARIFA, NA KUONDOLEWA KWANGU KWENYE RATIBA

Ndugu Mkurugenzi,

Kwanza shikamoo, Mzee. Nimekuwa kondakta wako kwa miaka kumi na moja, na ni wewe mwenyewe uliyenikabidhi sare ya kwanza, enzi hizo stendi ya mikoani ikiwa bado Ubungo. Sikupenda tukutane kwa njia hii. Barua ya kwanza kuhusu jambo hili niliileta kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nilimtumia Meneja Utumishi kwa WhatsApp, nikaona ameisoma, jibu halikuja. Ya tatu nilimpa Meneja wa Safari pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Tutaangalia." Miezi mitano imepita.

Jina la kampuni sitaliandika. Wenyewe mnajijua, na sitaki wenzangu walio barabarani leo wasumbuliwe na abiria kwa sababu yangu. Lakini maneno yenyewe nayaweka hadharani, kwa kuwa milango ya ndani nimeigonga yote.

Ajali mnaikumbuka. Tulikuwa tunatoka Tanga, saa kumi jioni, kati ya Kabuku na Mkata. Lori lililokuwa linalipita lenzake likatukuta uso kwa uso, suka wetu akalikwepa, tukaacha barabara, basi likalalia ubavu wa kulia. Walikufa abiria wanne, alikufa dereva, na alikufa utingo, kijana wa Korogwe aliyekuwa na miezi minane tu kazini. Mimi nilivunjika mguu wa kushoto.

Kuna jambo nataka niliandike mwenyewe kabla hamjaniandikia. Tulipofika Muheza tulipakia machungwa. Magunia mengi yalikuwa kwenye buti, ila mawili niliyaruhusu yakae kwenye njia ya katikati, nyuma kidogo ya mlango, kwa shilingi elfu kumi. Lilikuwa kosa, na nililijua. Basi lilipolala machungwa yale yalipondeka, harufu yake ikachanganyika na dizeli. Nilibanwa chini ya siti nikiivuta harufu hiyo hadi wanakijiji walipokuja na shoka na mapanga kututoa. Watu walikuwa wanaita. Wengine waliacha kuita.

Anayeijua Dar es Salaam ataelewa nilichorudi nacho. Hapa mjini machungwa yako kila kona: kwenye toroli Manzese, kwenye sinia mlangoni mwa hospitali, kituoni Kimara kijana amesimama na kisu chake anamenya, ganda linashuka chini kama utepe, na ile chembechembe inayoruka inakufikia puani kabla hujamwona. Mara ya kwanza ilinipata Shekilango. Sikukumbuka ajali, Ndugu Mkurugenzi. Nilikuwa ndani yake. Niliona siti juu ya kichwa changu, nikasikia sauti, na nilipozinduka nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kibanda cha M-Pesa nimeshika mguu, watu wamenizunguka, mama mmoja ananimwagia maji kichwani akidhani ni kifafa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlitoa taarifa ya nusu ya jeraha.

Mguu wangu ulishughulikiwa. Nilitiwa vyuma, fomu zikajazwa, nawashukuru. Lakini nilipoleta cheti cha daktari wa kliniki ya afya ya akili kinachosema nina ugonjwa wa kiwewe, huu ambao madaktari wanauandika kwa kifupi PTSD, Meneja Utumishi alinirudishia akisema hakuna sehemu ya kukijaza. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na anayechangia ni mwajiri. Kwa hiyo mlishachangia tayari. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeutaja ugonjwa huu kwa jina lake. Kama nastahili fidia au sistahili, waamue Mfuko na madaktari wao. Ninyi kazi yenu ilikuwa kuwafikishia habari, na hamkuifanya.

2. Mliuita ugonjwa uoga.

Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote, na niruhusuni nilizungumze kwa kirefu.

Siku ya tatu baada ya kurudi kazini nilishindwa kupanda basi. Nilisimama mlangoni, mkono kwenye bomba, jasho linanitiririka asubuhi ya Julai. Meneja wa Safari akanifuata, nikamweleza habari ya machungwa, maana nilimwamini. Akacheka mbele ya mautingo: "Mwanaume mzima unaogopa machungwa?" Tangu siku hiyo jina langu pale stendi ni Chungwa. Wengine wenye nia njema waliniambia nimetupiwa kitu, wakanielekeza kwa mganga Mlingotini. Nilikwenda. Nilichinja kuku wawili, na usiku ule nikaota ndoto ileile.

Kwa wiki nyingi nililala sakafuni, karibu na mlango, nguo zikiwa mwilini. Saa tisa usiku naamka nahesabu siti kwa sauti, A1, A2, B1, hadi mke wangu ananishika bega. Binti yangu akidondosha sufuria nampigia kelele, kisha najifungia chooni kwa aibu. Nikawa sipiti barabara kubwa. Sipandi daladala wala mwendokasi, natembea kwa mguu wenye vyuma kutoka Kimara hadi Ubungo. Mwezi wa kwanza baada ya ajali nilinunua vidonge vya usingizi, valiamu, duka la dawa, nikawa namaliza pakiti. Baadaye daktari akanieleza kuwa dawa za kundi lile humlaza mtu tu, kiwewe haziondoi, na mtu huzizoea akashindwa kuziacha. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasipewe kutulizia dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio. Hakuna aliyenionya mapema, na mwenye duka hakuniuliza chochote.

Ninachojua leo nilikijua kliniki. Baada ya ajali karibu kila mtu hushtuka, hukosa usingizi, huota. Walio wengi hutulia wenyewe katika wiki za mwanzo. Ikipita mwezi na mtu bado anarudishwa palepale kwa ndoto au kwa harufu, anakwepa kila kinachomkumbusha, ameacha kuwaamini watu na yeye mwenyewe, na mwili wake uko macho saa zote kama mlinzi wa usiku, huo ni ugonjwa na una tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu watu 4 katika kila 100 duniani wamewahi kuupata maishani mwao. Hesabuni watu katika basi la abiria 60.

Tiba yake sikuitegemea. Nilidhani nitaambiwa nisahau. Dada mwanasaikolojia aliniambia kinyume: nifumbe macho, nisimulie safari ile tangu Muheza, polepole, kana kwamba iko sasa hivi. Wiki ya kwanza nilifika Kabuku nikatapika. Tukarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata. Siku moja akanipa karatasi nichore basi lenyewe, siti kwa siti, niandike nani alikaa wapi. Mimi ni kondakta, orodha ya abiria wangu wa siku ile ninayo kichwani na nadhani nitazikwa nayo. Nilichora. Wanne waliofariki walikuwa kulia mbele, ubavu ulioliwa na ardhi. Magunia yangu yalikuwa nyuma ya mlango, kushoto. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kupita pale. Kwa miezi saba nilikuwa nimeamini nimewaua watu kwa elfu kumi. Niliitazama ile karatasi nikalia mbele ya mtu ambaye si ndugu yangu. Kosa la magunia bado ni kosa langu. Vifo vile si vyangu.

Baada ya wiki kadhaa akaleta chungwa. Aliliweka mezani tu. Siku hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa nalo chumba kimoja na kumwambia hofu yangu ni ngapi kati ya kumi. Tisa. Baada ya nusu saa, sita. Wiki iliyofuata nililishika. Nyingine akanipa kisu. Nilimenya vibaya, ganda nene kama la mtoto anayejifunza, mikono inatetemeka, maji ya chungwa yakaniingia kwenye kidonda kidogo cha kidole yakawasha. Nakumbuka huko kuwasha vizuri kabisa, kwa sababu ndani ya basi hakukuwa na kidole kinachowasha. Ndipo nilipojua niko Dar es Salaam, Jumanne, saa nne asubuhi.

Huyo ndiye mwoga wenu.

3. Mliniandika mtoro.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi alete cheti cha daktari. Vyeti nimeleta. Nilichopata ni barua ya onyo la utoro, mshahara ukasimama, na jina langu likaondolewa kwenye ratiba bila maandishi yoyote. Sijafukuzwa, na kazini sipo. Mke wangu anauza vitumbua tangu saa kumi na moja alfajiri, na kodi ya nyumba tumeikopa kwa shemeji.

4. Mnawarudisha watu barabarani usiku wao ukiwa umevunjika.

Hapa sijiombei mimi. Baada ya ile ajali mlitupa wiki mbili na shilingi laki moja na nusu ya pole. Nawajua wenzangu wawili walionusurika ajali nyingine za kampuni hii wakarudi kazini ndani ya siku kumi. Mmoja halali bila pombe kali. Mwingine anatafuna mirungi ili asilale kabisa, kwa sababu akilala anaota. Huyu wa pili ni dereva. Sitamtaja, na msimtafute ili mumfukuze. Mtafuteni ili atibiwe, kabla hajashika usukani akiwa na abiria sitini asubuhi ya Jumamosi.

Najua majibu yatakayokuja. Nimeyasikia pale stendi, nimeyasikia kwenye simu za wajumbe mliowatuma kwangu.

Mtasema ajali ni mipango ya Mungu. Baada ya mazishi mlituitia sheikh na mchungaji pale gereji, tukaombewa, tukapewa soda. Mimi ni mtu wa sala na dua ile niliipokea kwa mikono miwili. Lakini mguu wangu pia uliombewa, na bado mlilipia vyuma.

Mtasema haya ni magonjwa ya askari na Wazungu. Ni kweli ugonjwa huu uliingia kwa jina hili kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na askari waliorudi Vietnam walichangia sana. Ila mnaishi mji gani? Mabomu ya kambi ya jeshi yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009. Yakalipuka Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, watu wakakimbia usiku wamebeba watoto wasiojua ni wa nani. Shemeji yangu alikuwa Mbagala siku ile. Mpaka leo radi ikipiga yeye yuko uvunguni, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa anaumwa. Sisi tuna neno kiwewe na tuna neno kihoro tangu enzi za mababu. Tusingekuwa na maneno hayo kama tusingekuwa na kitu chenyewe.

Mtasema wenzangu kwenye basi lile wamepona bila kliniki. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Hata mguu, si kila aliyekuwemo alivunjika.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Michango ya Mfuko mnatoa, na huku kwingine ninachoomba ni muda na utu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Mosi, pelekeni taarifa kamili ya jeraha langu kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, pamoja na vyeti vya kliniki, na nakala mnipe.

Pili, futeni onyo la utoro na nilipwe siku zangu za ugonjwa kama sheria inavyosema.

Tatu, nipangieni kazi ya nchi kavu kwa sasa: dirisha la tiketi au kaunta ya vifurushi pale Mbezi. Barabarani nitarudi hatua kwa hatua, kwa ushauri wa daktari. Mimi nataka kurudi. Kazi hii naipenda, na abiria wa Tanga wananijua kwa sauti.

Nne, wekeni utaratibu wa maandishi kwa kila dereva, kondakta na utingo atakayenusurika ajali: apumzike kwa malipo, asilazimishwe kusimulia kama hataki, na ikipita mwezi atafutwe na aulizwe na mtu wa afya anayejua kuuliza. Msituitie mtoa mada wa siku moja ukumbini, kila mtu ahadithie maiti alizoziona halafu tugawiwe maji ya chupa. Mkusanyiko wa namna hiyo hauzuii ugonjwa huu. Kinachosaidia ni mtu wa kukufuatilia na rufaa ya kwenda hospitali ukihitaji.

Tano, Meneja wa Safari awaambie mautingo waache kuniita Chungwa. Hili ni dogo kwenu. Naliandika kwa sababu binti yangu amelisikia.

Nawapa siku 14 tangu leo. Zikipita kimya nitakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nikiwa na barua zangu tatu, vyeti, na ile nakala yenye muhuri wenu. Sitafanya hivyo kwa chuki, Mzee. Ulikuja msibani kwa dereva wetu, ulikaa kwenye mkeka na sisi, ulilia. Nilikuona. Naamini haya yote hukuelezwa kama yalivyo.

Sijapona kabisa. Mvua ikinyesha usiku juu ya bati bado naamka. Dawa naendelea nayo, kidonge kimoja kila asubuhi, ilichukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kunisaidia. Mwezi uliopita nilipanda mwendokasi kwa mara ya kwanza tangu ajali. Nilipanda Kimara Mwisho, nikashuka kituo kinachofuata. Kituo hicho kinaitwa Korogwe. Nilisimama pale jukwaani muda mrefu, nikamkumbuka yule kijana, nikamwombea, kisha nikapanda basi lililofuata.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisini kwenu Ubungo na nyaraka zote. Nitakuja kwa mwendokasi.

Wako katika kazi,

Kondakta, njia ya Dar es Salaam – Tanga

Nakala:
Madereva, makondakta na mautingo wenzangu, stendi ya Magufuli